Kabla Hujavuna, Tazama Kalenda: Sikukuu za Kwetu na za Majirani kwa Anayesafiri na Mazao

Leo naomba tuiache kidogo habari ya kantangaze na mbolea ya kukuzia, tuzungumzie kitu ambacho kinaoza nyanya nyingi kuliko ugonjwa wowote ninaoujua: sikukuu.

Najua utashangaa. Sikukuu si ndiyo wakati wa bei nzuri? Ni kweli, lakini bei hiyo ni ya aliyefika sokoni siku tatu au nne kabla. Aliyekwama njiani siku yenyewe, au aliyefika kesho yake, anakutana na soko limeshiba na mnunuzi amelala. Chuoni tulifundishwa kalenda ya mazao: lini usie mbegu, lini uhamishe miche, lini uvune. Kalenda ya sikukuu hatukufundishwa. Hiyo nimeisoma hukuhuku kijijini, kwa kuwaona wakulima wanavyorudi na matenga.

Huku kwetu kanda ya Kaskazini wakulima wengi wanauza pande mbili. Kuna mzigo unaoshuka Dar es Salaam na kuna unaovuka Namanga, Holili au Tarakea kwenda Kenya. Wenzetu wa Kagera wanapita Mutukula na Rusumo, wa Mbeya na Songwe wanapita Tunduma. Kwa hiyo kuzijua sikukuu za Tanzania peke yake haitoshi. Jirani naye ana zake, na hazifanani na zetu.

Nini hasa kinabadilika siku ya sikukuu?

Watu wengi wanadhani swali ni moja tu: mpaka uko wazi au umefungwa? Mpaka mara nyingi uko wazi. Vinavyosimama ni vitu vinne vinavyouzunguka.

1. Karatasi. Cheti cha afya ya mimea, kibali cha kusafirisha mazao nje, cheti cha uasili wa bidhaa: hivi vinatolewa na watu walio kazini. Hata pale maombi yanapofanyika kwa mtandao, kuna mtu wa kukagua mzigo na mtu wa kuidhinisha. Kama mahindi yako yanahitaji kupimwa sumukuvu, maabara nayo ina sikukuu yake. Mwenye mahindi alikumbuke hili vizuri, maana Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Tanzania na Uganda, na ilipoyaruhusu tena iliweka sharti la cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi 10 ppb, yaani sehemu 10 katika bilioni.

2. Pesa. Benki zinafungwa. Wakala wa simu wapo, lakini mkesha wa sikukuu kila mtu anatoa hela, floti inaisha. Mnunuzi anakwambia "nitakutumia Jumanne", na wewe una dereva anayedai leo.

3. Barabara. Magari yanajaa, nauli na gharama za kukodi Fuso zinapanda, ukaguzi wa barabarani unaongezeka. Safari uliyozoea kuimaliza usiku mmoja inakula nusu siku zaidi.

4. Mnunuzi. Huyu ndiye anayesahaulika. Shule zimefunga, wapishi wa mikahawa wameenda kwao, wachuuzi wamepumzika. Soko liko wazi, wa kununua hayupo.

Siku nne za Desemba 2022

Nitoe mfano wa kweli ili tuelewane. Mwaka 2022 sikukuu yetu ya Uhuru, 9 Desemba, iliangukia Ijumaa. Sikukuu ya Jamhuri ya Kenya, 12 Desemba, iliangukia Jumatatu. Sasa hesabu mwenyewe: Ijumaa kwetu kumefungwa, Jumamosi na Jumapili ni mwisho wa wiki, Jumatatu kwao kumefungwa. Siku nne mfululizo ambazo lazima upande mmoja uwe umelala.

Mkulima mmoja wa kata yangu, mama mwenye robo tatu ya eka ya nyanya, alivuna Alhamisi jioni kreti sitini. Zilikuwa nyanya safi, nyekundu, zilizoiva vizuri, na hapo ndipo palipokuwa na hatari, maana nyanya iliyokwisha iva ina siku chache sana za kuishi. Alitegemea kupata cheti Ijumaa asubuhi na kuvuka mchana. Ofisi ilikuwa imefungwa. Dalali akamtuliza asubiri Jumatatu. Jumatatu mnunuzi wa upande wa pili, ambaye hulipa kwa benki, akasema benki zimefungwa, tukutane kesho.

Jumanne, gari lilipofunguliwa turubai, kreti za chini zilikuwa zinatoa maji. Zilizobaki akaziuza bei ya masalo. Nauli ya gari ililipwa kwa kuuza ndama, na ile ndiyo iliyokuwa ada ya mtoto ya Januari. Huyu mama alimudu dawa, maji na shamba kwa miezi mitatu bila kosa. Kilichomwangusha ni siku nne.

Mtego huu utarudi. Mwaka 2027, 9 Desemba ni Alhamisi na 12 Desemba ni Jumapili. Kwa sheria ya Kenya, sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake ndiyo inakuwa mapumziko. Kwetu hatuna mazoea hayo: Uhuru ikiwa Jumapili, imepita na Jumapili yake. Ndiyo maana mtu wa kwetu anavuka Jumatatu akishangaa mbona mji umelala.

Tupite mwezi kwa mwezi

Julai. Hapa majirani kadhaa wana lao. Rwanda na Burundi wanaadhimisha uhuru 1 Julai, na Rwanda wana Siku ya Ukombozi 4 Julai. Zambia wanapumzika siku mbili mfululizo: Jumatatu ya kwanza ya Julai ni ya mashujaa na Jumanne inayofuata ni ya umoja. Mwaka huu wa 2026 hizo ni tarehe 6 na 7, na 7 Julai ni Saba Saba yetu. Kwa hiyo anayepeleka mchele Nakonde ajue kuwa Jumanne hiyo pande zote mbili ziko mapumzikoni.

Halafu kuna jambo moja la Saba Saba ambalo wasafiri wengi hawalijui. Kwetu Saba Saba ni kumbukumbu ya kuanzishwa kwa TANU mwaka 1954, na leo maana yake ni maonyesho ya biashara pale Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam. Kenya tarehe hiyo siyo sikukuu kabisa, lakini ni kumbukumbu ya mkutano wa kudai vyama vingi wa 7 Julai 1990 uliozuiwa, na watu huiadhimisha kwa maandamano. Mwaka 2025 polisi walifunga barabara nyingi za kuingia katikati ya Nairobi siku hiyo. Ukiwa na mzigo wa Marikiti, uwe umeshushwa tarehe 5, au subiri hadi 8 upate taarifa za njia.

Agosti. Huu ndio mwezi wa mkulima. Nane Nane yetu kila mtu anaijua. Lakini Zambia nao wana Siku ya Wakulima Jumatatu ya kwanza ya Agosti, na Rwanda wana Umuganura, sikukuu ya mavuno, Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Mwaka huu ni tarehe 3 Zambia, 7 Rwanda na 8 kwetu. Nchi tatu ndani ya wiki moja zinamsherehekea mkulima, na mkulima mwenyewe hawezi kupata huduma!

Nasema hivyo nikiwa mmoja wa wahusika. Wiki ya Nane Nane maafisa ugani wengi tunakuwa viwanjani: Themi kule Njiro kwa sisi wa Kaskazini, Nzuguni Dodoma, John Mwakangale Mbeya, Nyamhongolo Mwanza. Ofisi ya kata au halmashauri inabaki na mtu mmoja au wawili. Mwenye haja ya barua au ukaguzi aje Julai mwishoni. Nyumba za wageni katika miji hiyo nazo hujaa, kwa hiyo kama unakwenda kwenye maonyesho, panga kwa kulala mapema. Na usiende mikono mitupu: beba sampuli ya zao lako na namba ya simu iliyoandikwa vizuri. Wanunuzi wakubwa wanazunguka pale, na mwezi mzima wa kutafuta soko unaweza kuufupisha kwa siku moja.

Oktoba. Huu ni mwezi wa matobomatobo. Uganda 9 Oktoba ni uhuru. Kenya tarehe 10 ni Mazingira Day. Burundi tarehe 13 wanamkumbuka Rwagasore. Kwetu tarehe 14 ni kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Kenya tena tarehe 20 ni Mashujaa, Burundi tarehe 21 wanamkumbuka Ndadaye, na Zambia tarehe 24 ni uhuru. Hakuna siku hata moja kubwa kama Krismasi, ndiyo maana watu hawajiandai. Ila ukitazama, kuanzia tarehe 9 hadi 24 hupati wiki nzima ambayo majirani wote wako kazini. Mwenye vitunguu hana shida, anasubiri. Mwenye mboga aweke alama kwenye kalenda.

Desemba. Wachaga na wenzetu wa Kaskazini wanarudi nyumbani. Kuanzia kama tarehe 15 mabasi ya kutoka Dar kuja Moshi na Arusha yanajaa, tiketi inakatwa wiki kadhaa kabla, na ukikata mlangoni kwa mpiga debe unaweza kulipa zaidi ya nauli halali. Kata kwenye ofisi au kwa mtandao, na shika risiti.

Kwa mwenye mazao kuna neema hapa ambayo wachache wanaitumia. Gari linalopanda limejaa watu na mizigo ya sikukuu, linaloshuka kurudi Dar linatafuta cha kubeba. Kati ya tarehe 18 na 23 mkulima mwenye ndizi za kwenda Mabibo anaweza kupata gari la kurudi kwa bei ya maelewano. Baada ya mwaka mpya hali inageuka, wote wanashuka, na nafasi ya mzigo inakuwa ghali. Na Januari wote tunaijua: mifuko imekauka, kila shilingi ni ya ada. Usivune kwa matumaini ya bei ya Krismasi tarehe 4 Januari.

Januari hadi Juni. Zanzibar 12 Januari ni Mapinduzi, na hiyo ni sikukuu ya taifa zima. Tarehe 7 Aprili kwetu ni Siku ya Karume. Siku hiyohiyo Rwanda inaanza kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994, na wiki nzima hadi tarehe 13 ni ya maombolezo. Shughuli hupungua na burudani husimamishwa. Msafiri aheshimu: asipige muziki ndani ya gari, asifanye mzaha na jambo hilo sokoni. Kwao huo ni msiba. Pasaka inahamahama kila mwaka, na Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu ya Pasaka ni siku nne Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Kenya wana Madaraka 1 Juni. Uganda 3 Juni ni siku ya Mashahidi, ambapo mahujaji wanakwenda Namugongo, wengine kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania. Barabara ya kuingia Kampala kutokea mashariki uitegemee kuwa na msongamano.

Siku ambazo hazimo kwenye kalenda ya ukutani

Kwanza, Rwanda wana umuganda, kazi ya jamii, kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi kwa saa zao maduka yanafungwa na magari hayatembei ovyo. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo kwenye simu yako ya Tanzania ni saa 3 hadi saa 6. Burundi na Zambia nao wako nyuma yetu saa moja. Ukiahidiana na mnunuzi, ulizaneni "saa ya wapi?"

Pili, serikali ya Kenya inaweza kutangaza mapumziko kwa haraka. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa kuwa siku ya kupanda miti, na watu walipata taarifa wiki moja hivi kabla. Tarehe 10 Mei 2024 tena, baada ya mafuriko, taarifa ikatoka siku chache tu kabla. Dawa ni moja: mpigie mnunuzi wako simu siku mbili kabla ya kuvuna. Kabla ya kuvuna, siyo kabla ya kusafirisha.

Sikukuu za mwezi mwandamo

Idi zinategemea mwezi kuonekana, kwa hiyo tarehe ya kwenye kalenda ni ya kukadiria. Acha siku moja ya ziada kila upande. Na kila mwaka zinarudi nyuma kwa siku 10 au 11. Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, ya mwaka huu ilianza Februari, na ya 2027 inategemewa mapema Februari.

Mwezi wa Ramadhani magimbi, muhogo, viazi vitamu, ndizi za kupika na tikiti maji vinatafutwa sana, hasa Dar, Tanga na Zanzibar. Msafiri wa mchana asitegemee kupata chakula kirahisi Zanzibar. Beba chako na ule faraghani, usikae barazani unatafuna mbele ya watu waliofunga. Jioni karibu na futari kila mtu anakimbilia nyumbani, kwa hiyo shusha mzigo asubuhi.

Kwa wafugaji, Idi el Hajj ndiyo yenu. Mwakani inategemewa katikati ya Mei. Mnyama wa kuchinjwa siku hiyo ana masharti: mbuzi awe ametimiza mwaka mmoja, ng'ombe miaka miwili, na asiwe kilema, chongo au mgonjwa dhahiri. Mbuzi aliyevunjika mguu kwenye gari anapoteza soko la Idi pale pale. Msijaze gari, tandikeni majani makavu, na vibali vya kusafirisha mifugo vitafuteni wiki moja kabla, siyo mkesha.

Hesabu ya kurudi nyuma

Tumeona siku za kukwepa. Sasa tuzitumie. Chagua siku ya soko, ambayo ni siku 3 hadi 5 kabla ya sikukuu, kisha rudi nyuma.

Nyanya: wiki 4 kitaluni, kisha siku 70 hadi 90 shambani kutegemea mbegu na baridi ya kwenu. Ukitaka mchumo wa Krismasi, mbegu iingie kitaluni mwishoni mwa Agosti.

Tikiti la siku 80 hadi 85: kwa Ramadhani ya 2027 liwe ardhini kabla ya katikati ya Novemba 2026.

Kuku wa nyama: wiki 5 hadi 6. Kwa Krismasi vifaranga viingie bandani kati ya 8 na 12 Novemba, lakini oda uweke mapema, maana kila mtu anavitaka wiki hiyo.

Na ujue zao lako linaweza kusubiri kiasi gani. Mchicha na spinachi hazisubiri hata siku moja. Nyanya ya safari ndefu ichumwe ikianza tu kubadilika rangi, iwekwe kwenye kreti badala ya tenga, ikae kivulini, isafiri usiku. Parachichi linasubiri mtini likiwa limekomaa, usilichume mpaka mnunuzi athibitishe. Kitunguu kilichokaushwa shingo vizuri kinasubiri wiki nyingi. Mahindi yanasubiri kama yamekauka, unyevu usizidi asilimia 13.5, yakiwa mabichi chini ya turubai siku nne, unatengeneza ukungu na sumukuvu kwa mkono wako mwenyewe.

Kabla hujapakia, jiulize

- Leo, kesho na keshokutwa ni siku gani upande wa pili wa mpaka?
- Karatasi zote ziko mkononi, au ziko "njiani"?
- Pasi ya kusafiria au hati ya dharura bado iko hai? Ofisi ya Uhamiaji haikutolei hati siku ya sikukuu.
- Mnunuzi amethibitisha siku, saa na njia ya malipo?
- Nina fedha taslimu ya dereva, chakula na kulala siku mbili za ziada?
- Mzigo ukigoma kuvuka, soko la pili la karibu ni lipi? Wa Namanga anaweza kurudi Kilombero Arusha, wa Holili anaweza kurudi Moshi. Hasara ndogo ya leo ni afadhali kuliko masalo ya Jumanne.

Kama huna kalenda ya majirani, njoo ofisini kwangu kata. Nimeibandika ukutani karibu na ile ya msimu wa mvua, na yeyote anaruhusiwa kuipiga picha. Vikundi vya nyanya na vitunguu nawaomba mje mapema mwezi huu, kabla hatujaanza kujiandaa na Nane Nane, tupange pamoja kitalu cha Agosti.

Nawatakia mavuno mema na safari njema.